Maji Yaliyopita Milangoni mwa Watu

Mwaka ule wa unga wa manjano, maji yalifika mtaani kwetu asubuhi tu, tena si kila asubuhi. Mfereji mmoja ulihudumia safu zetu za nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, na ulikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kutoa chochote. Kikohozi chake tulikijua. Mtu akikisikia akiwa kitandani hurusha blanketi na kutoka mbio, ingawa mbio zenyewe hazikuwa na maana, maana vyombo vilikuwa vimelala nje vikiwa vimepangwa laini, yaani foleni, tangu jana yake: madebe, ndoo, mitungi ya plastiki, na sufuria za wasio na kingine. Chombo ndicho kilichomshikia mwenyewe nafasi. Hakuna aliyethubutu kusogeza cha mwenzake, isipokuwa mtu mmoja.

Huyo alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane mmoja Mwislamu aliyezaliwa Majengo. Mtaa mzima ulimwita mama wa mahamri kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa na sauti iliyofika mwisho wa safu bila yeye kuipandisha. Hakuna aliyemchagua kusimamia mfereji, na hakuna aliyekumbuka alianza lini. Debe lake ndilo lililokuwa la kwanza siku zote, kwa kuwa aliamka kabla ya wengine ili akande unga. Lakini tangu tulipobaki peke yetu, alilitoa debe lake pale mbele akaweka letu, kisha akaenda na lake nyuma, mahali pale nilipokuwa nimeliacha letu. Hivyo hakumpora mtu mwingine nafasi. Alipora ya kwake tu.

"La watoto kwanza," alikuwa akisema, huku akilisukuma kwa mguu ili likae sawa chini ya mfereji.

Yeye alisema watoto. Wengine walisema debe la mayatima. Lilikuwa debe la bati lenye mstari wa buluu aliouchora baba, na mimi niliuchukia mstari ule kwa sababu uliwawezesha watu kulitambua kutoka mbali. Kila nilipoinama kulichukua likiwa limejaa, nilisikia macho ya wanawake mgongoni. Yalikuwa macho ya huruma, najua. Sikuyataka, na sikuweza kuishi bila yale maji.

Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla nyasi hazijaota vizuri juu ya kaburi la mama. Nilikuwa kifungua mimba. Nyuma yangu walikuwa ndugu zangu wawili wa kiume, na mwisho kabisa kitindamimba, msichana ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka. Niliacha shule nikiwa nimeonja sekondari kidogo tu, nikaenda Gikomba kwa fundi cherehani mmoja aliyenipa kazi ya kushona vifungo na kupinda chini ya suruali. Sikulia nilipoiacha shule. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikilia mara moja nitalia kila siku, na wadogo zangu watajifunza kutoka kwangu.

Baba alituachia vyombo, vitanda, na gari.

Lilikuwa gari dogo la milango minne, rangi ya maziwa. Baba alikuwa dereva wa wakubwa ofisini. Magari ya wakubwa aliyaosha kwa sababu ya kazi, na lake aliliosha kwa sababu ya mapenzi. Kila Jumamosi alikunja suruali mpaka magotini, akaanza na paa, akashuka kwenye vioo, kisha milango, na magurudumu mwisho. Watoto wa safu yetu walikuja kutazama. Wakati ule maji yalikuwapo, na mtu mwenye gari katika nyumba za kanjo alikuwa mtu. Baada ya kifo chake betri iliisha, magurudumu yakalala, na gari likabaki mbele ya mlango wetu kama ng'ombe aliyekataa kuinuka.

Siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo walikaa chumbani mwetu wakazungumza juu yetu huku sisi tukiwa tumesimama pale pale. Wavulana wangeenda kwa baba mdogo, ambaye ndiye ndugu wa pekee wa kiume wa baba aliyebaki, mfanyabiashara wa viazi kule kwetu. Kitindamimba angeenda kwa shangazi. Mimi ningetafutiwa nyumba ya watu hapa hapa Nairobi nifanye kazi. Walisema kwa upole. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na labda ndiyo maana ilikuwa vigumu kubishana nao.

"Tutakaa hapa," nilisema.

Walinigeukia kama vile kabati limesema.

"Mtakaa na nani?" aliuliza baba mdogo.

"Na mimi."

Baba mdogo alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia asiyoivua ila kanisani. Alitoka nje, nami nikamfuata. Alilizunguka gari taratibu, akaligusa boneti kwa kiganja, kisha akaniambia maneno ambayo niliyashika kuliko yote niliyofundishwa darasani.

"Haya. Nitawaacha kwanza. Lakini nitakuja tena, na nikija sitakuuliza wewe mnaendeleaje, kwa maana utanidanganya. Nitaliangalia hili gari. Marehemu alilipenda. Nikilikuta limeoza, nitajua hata ninyi mmeoza, na nitapakia kila mtu."

Kuanzia siku hiyo nililiosha kama baba, Jumamosi kwa Jumamosi. Kisha mvua zikakataa. Mahindi meupe yakaadimika madukani, tukaanza kula ugali wa manjano ambao kitindamimba aliuita ugali wa keki mpaka alipouonja. Redioni walitangaza kwamba ni marufuku kuosha magari wala kumwagilia maua kwa maji ya mfereji. Mtaani kwetu tulicheka hilo la maua. La gari nilinyamaza, kwa kuwa gari lilikuwa moja tu.

Nikaanza kulifuta kwa kitambaa kikavu. Vumbi la mwaka ule lilikuwa jekundu na laini kama poda, likaingia mpaka kwenye kingo za vioo. Ndege wakalichafua. Siku moja niliporudi kutoka Gikomba nilikuta mtoto fulani ameandika kwa kidole juu ya boneti, kwa herufi kubwa: GARI YA MAREHEMU. Nilifuta kwa kiwiko. Alama haikutoka vizuri. Ukisimama pembeni jua likiwa upande wa pili, bado uliweza kuisoma.

Ndipo Ijumaa moja mchukuzi wa viazi akaja hadi kibandani kwa fundi, akaniulizia. "Wewe ndiye wa yule mzee wa kofia? Amesema Jumapili anakuja. Anakuja na lori."

Nilimuuliza kama alisema jambo lingine. Alisema hapana, ni lori tu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikiviona vitanda vyetu akilini, jinsi vitakavyofunguliwa na kutandazwa juu ya lori, na kila kimoja kwenda upande wake.

Lazima niseme jambo moja kabla sijafika Jumamosi yenyewe. Binti wa mama wa mahamri alikuwa amejifungua wiki ile ile. Alikuwa amerudi kwa mama yake, kama ilivyo desturi yao, ili alelewe mpaka arobaini iishe, na kila alasiri alikandwa kwa maji ya moto. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Tulisikia kila kitu: karai likiburutwa, kitambaa kikikamuliwa, na binti akipiga kelele.

"Mama, yanachoma! Taratibu!"

"Yanachoma ndiyo dawa. Unataka ubaki na tumbo hilo? Kaza!"

"Wallahi sizai tena."

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo, na wewe ukaja."

Kitindamimba alikuwa akiweka sikio ukutani na kucheka mpaka akaanguka. Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua kwamba upande wa pili wa ukuta ule kuna mzazi anayehitaji maji kuliko mtu yeyote katika safu yetu, na kwamba debe lake hulala nyuma ili letu likae mbele.

Jumamosi mfereji ulikohoa, ukatoa. Debe letu lilikuwa la kwanza. Nililibeba mpaka mlangoni, nikalitua kando ya gari nipumzike kabla ya kuliingiza ndani. Nikasikia kelele kule mfereji ulipo, zile kelele za watu wengi wanaposema "Ah!" kwa pamoja. Maji yalikuwa yamekatika kabla ya kufika hata nusu ya laini. Nyuma kabisa, najua, lilikuwepo debe la mama wa mahamri, jeupe ndani kwa kukauka.

Nilikusudia kulowesha kitambaa tu. Nilichovya, nikakamua, nikapitisha juu ya boneti pale palipoandikwa. Vumbi likawa tope. Nikachota kikombe kimoja kusuuza tope lile, na chini yake ikatokea rangi ya maziwa, safi, kama ilivyokuwa baba akiwa hai. Boneti sasa ilikuwa safi na paa chafu, na ubaya wa paa ukaonekana zaidi. Nikachota tena. Nikapanda kwenye kigoda. Nililiosha kama alivyoliosha yeye, paa kwanza, kisha vioo, kisha milango. Nilimwona mkononi mwangu, namna alivyozungusha kitambaa. Naomba nisieleweke vibaya ninaposema kwamba nilifurahi. Kwa muda huo mfupi sikuwa na wadogo, wala lori, wala Jumapili. Maji yaliyobaki chini ya debe niliyainua nikayamwaga yote kwenye magurudumu.

Mbele ya nyumba zetu ulipita mtaro wa saruji, kutoka kwetu ukishuka mlango kwa mlango mpaka mwisho wa safu. Ulikuwa mkavu kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto waliutumia kuchezea gololi. Maji yangu yaliingia humo. Sikuyafikiria hata kidogo. Yalianza safari yake taratibu, mekundu, na mapovu juu, yakapita mlango wa pili, na wa tatu, na kuendelea. Watu waliokuwa wameketi milangoni na vyombo vitupu, wakilaumu anga, waliona maji yakipita miguuni mwao. Walichofanya ni kile ambacho yeyote angefanya. Waliyafuata yanakotoka.

Nilipoinua kichwa walikuwa wamesimama nusu duara.

Wa kwanza kusema alikuwa kijana wa nyumba ya mwisho, fundi wa redio, ambaye hakukosa neno hata msibani. "Niaje, sista! Hiyo moti inaenda harusi ya nani?"

Wengine wakacheka.

"Harusi gani na haina betri?" alisema mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni.

"Basi imeoga kuliko mimi. Nanuka, na gari inang'aa!"

"Labda inaenda kumtafuta mwenyewe," mwingine akasema, na mara tu aliposema akafunga mdomo kwa kiganja, kwa sababu mwenyewe alikuwa baba yangu, na kila mtu pale alikuwa amekula chakula cha matanga yake.

Kicheko kilikatika. Ningependa wangeendelea kucheka. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alipiga magoti kando ya mtaro, akaanza kuteka yale maji mekundu kwa bakuli na kuyatia kwenye ndoo, apate ya kumwaga chooni. Wa pili akapiga magoti kando yake. Hawakunitazama tena. Nilisimama na kitambaa mkononi, nikiwaona watu wazima, mama zangu kwa umri, wakiteka uchafu wa gari langu.

Mama wa mahamri alikuja akiwa wa mwisho, debe tupu mkononi. Alilitazama gari. Akalitazama debe letu lenye mstari wa buluu, lililolala ubavu. Kisha akanitazama mimi, na nikasubiri ile sauti yake.

"Limetakata," alisema.

Akaingia kwake.

Kuna adhabu ambazo mtu akipewa hushukuru baadaye, kwa kuwa hulipa kitu. Neno lile halikulipa chochote. Ndugu yangu wa pili leo anaishi Komarock, ana gari lake, na kila Jumamosi hulimwagia maji kwa mpira, yakitiririka mpaka barabarani. Mimi nikiwa nimemtembelea hutafuta la kufanya jikoni. Hudhani napenda kupika.

Alasiri hiyo tulisikia ukuta ukiwa kimya. Kitindamimba aliweka sikio, akangoja, akasema, "Leo hawamkandi." Nikamwambia aondoke ukutani.

Nilimwona mama wa mahamri akitoka na debe na kata ya nguo kichwani, akielekea upande wa Majengo kwa jamaa zake. Ni mwendo mrefu kwa mtu mnene, na jua la mwaka ule halikuwa na adabu. Alirudi magharibi ikikaribia. Nilikuwa nyuma ya pazia. Niliona kanga yake imelowa begani, na shingo yake imesimama wima chini ya debe, namna shingo inavyosimama ikiwa imechoka kabisa na haithubutu kuonyesha.

Alifika mlangoni pake akasimama.

Kwetu, ukimwona mtu amesimama mlangoni na maji kichwani, humngojei akuite. Unatoka unamtua. Hata mtu mliyegombana naye unamtua, kisha mnaendelea na ugomvi wenu. Watoto wadogo wanalijua hilo kabla ya kujua kuhesabu.

"Hodi jamani," aliita. Binti yake hakuruhusiwa kuinua kitu. "Hakuna mtu huko?"

Ndugu yangu wa pili aliinuka ili atoke. Nilimshika shati.

Hakunielewa. Alinitazama, akautazama mkono wangu, nami sikumwachia. Sikuwa na hasira na yule mama. Nilikuwa siwezi kuuweka uso wangu karibu na uso wake, basi, ni hilo tu. Tulisimama hivyo, yeye na shati lake mkononi mwangu, tukamsikia nje akihema. Kisha akajitua mwenyewe. Tulisikia bati likigonga saruji, na maji yakimwagika.

Kwa kule kuosha gari asubuhi, nimejaribu kujisamehe mara nyingi nikitafuta sababu, na sababu zipo. Lile shati sijalitafutia sababu.

Jumapili baba mdogo alifika baada ya ibada, kofia kichwani, lori likiwa tupu nyuma yake. Alilizunguka gari kama alivyofanya siku ile. Aliinama, akatazama hata chini ya milango. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelainika.

"Nimepita mjini nimeona magari ya matajiri yamekuwa kama udongo," alisema. "Hili linang'aa. Anayetunza gari hivi anaweza kutunza watu."

Hayo ndiyo maneno niliyoyapigania tangu matanga. Yalinifikia nikiwa nimeinamisha kichwa. Akadhani ni adabu.

Aliketi ndani, akavua kofia, jambo lililonishtua. Akasema, "Haya, mtupe hata maji ya kunywa. Barabara yote ni vumbi."

Nyumbani hamkuwa na tone. Usiku uliopita tulilala bila kunawa miguu, na ugali nilikuwa nimeupika kwa maji yaliyobaki ndani ya birika. Mgeni ametoka mbali, ndugu wa baba, na nyumba ambayo nilitaka kuthibitisha kwamba inakalika haikuwa na kikombe cha maji. Nilisema, "Subiri kidogo, baba mdogo," nikatoka mpaka mlangoni, na hapo sikuwa na pa kwenda. Mlango wa karibu ulikuwa mmoja tu.

Sikuubisha. Ulifunguka wenyewe. Mama wa mahamri alitoka na sinia, birika la chai linatoa mvuke, vikombe, na mahamri yaliyofunikwa kitambaa. Alikuwa ameliona lori. Alinipita pale nilipokuwa nimesimama, akaingia.

"Hodi, hodi. Karibu baba. Nilimwambia huyu binti yako asihangaike na jiko, leo chai nimepika mimi."

Baba mdogo alifurahi sana. Alikunywa kikombe cha kwanza bila kupumua. "Chai nzuri. Kumbe maji mnayo huku! Sisi tunasikia redioni kwamba Nairobi imekauka."

"Tunapata pata," alisema mama wa mahamri.

Kitindamimba alikuwa ameketi sakafuni, hamri mkononi. Alikuwa katika umri ule ambao mtoto hupenda kueleza watu mambo wasiyoyajua. "Maji ya chai hii ni ya Majengo," alisema. "Yetu ya jana yaliogesha gari. Na huyu mama akakosa ya kumkanda dada, na akaenda Majengo, na akarudi, na hakuna mtu aliyemtua."

Chai ilitoa mvuke. Ndugu yangu wa pili alitazama mkono wake wa shati.

"Mtoto anapenda hadithi," alisema mama wa mahamri, akacheka kidogo, lakini baba mdogo hakuwa mjinga. Aliweka kikombe chini.

"Mzazi yuko wapi?"

"Yuko kwangu, anaendelea vizuri. Mjukuu wa kiume."

"Na alikandwa?"

"Alikandwa. Yalitosha."

Baba mdogo alinigeukia. Nilijua sasa atasema, wapakie. Ningesema nini? Nilitaka niseme mimi mwenyewe lililotokea, kabla hajaniuliza, na mpaka leo sijui kama ningesema iwapo mtoto asingetangulia.

"Hukuniambia kwamba hamna maji," alisema polepole.

"Ulisema utaliangalia gari."

Alichukua kofia yake akaizungusha magotini, akitazama dirishani kule gari lilikosimama likimeremeta kama kichwa cha mtu aliyenyolewa leo.

"Nilisema," akakubali. "Ni mimi niliyesema."

Mama wa mahamri alijimiminia chai, kama vile mazungumzo ni ya bei ya sukari. "Baba, mimi si wa ukoo, ni jirani tu. Lakini ukuta wangu na wao ni mmoja. Wakilia nasikia, wakicheka nasikia. Nikisikia kimya nitakuja kubisha. Kama ni kuwaacha, waache."

"Na huyu aliyekunyima mkono?"

"Huyu ni mtoto vilevile. Mtu husahau hilo kwa kuwa anabeba na kutunza wenzake."

Sijawahi kuaibika kama nilivyoaibika kwa utetezi ule. Kama angenishtaki ningejua pa kusimama.

Baba mdogo aliinuka. "Sasa mimi nimetoa lori," alisema, kama anayejilalamikia mwenyewe. "Nimewaambia watu nyumbani kwamba nakwenda kuchukua. Siwezi kurudi mikono mitupu, wazee watanicheka." Alivaa kofia. "Watoto watabaki. Gari naondoka nalo. Halina faida hapa isipokuwa kunywa maji ya watu."

Waliteremsha mbao kutoka kwenye lori. Vijana wa mtaa walikuja kusukuma, na mbele yao fundi wa redio, akiimba kama mpiga debe wa Gikomba. "Haya, bibi harusi anapanda! Sukumeni, anaenda kwao!" Alipopita karibu yangu aliacha kuimba. Gari lilipanda likitoa sauti ya kutu, na mahali lilipokuwa palibaki ardhi nyeusi kidogo, yenye unyevu bado. Wadogo zangu walipunga mikono mpaka lori likapinda. Nilipata yote niliyokuwa nimeyaomba. Nilikusanya vikombe nikavipangusa kwa kitambaa kikavu, nikavirudisha kwa mwenyewe. Nilitaka kusema ahsante, au neno lile jingine. Nilisema, "Vikombe ni hivi."

"Weka hapo," alisema.

Siku ya maji iliyofuata nililiweka debe letu mwisho wa laini, kabla ya alfajiri, na nikasimama kando yake ili lisisogezwe. Mama wa mahamri alikuja na lake, akiwa amelitoa pale mbele. Alinitazama, akainama, akalichukua letu kutoka miguuni pangu, akaliweka chini ya mfereji.

"La watoto kwanza."

"Mama, leo hapana."

"Sogea. Unachelewesha watu."

Mfereji ulikohoa. Siku hiyo maji yalidumu mpaka laini ikaisha. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, niko mlangoni, nilipomwona akija na debe lake kichwani, polepole, macho mbele. Alifika kwake akasimama. Binti yake alikuwa ndani na mtoto akilia. Ndugu zangu walikuwa wamekwenda shule. Hakugeuza shingo, kwa maana haikuweza kugeuka, lakini sauti yake ilinijia moja kwa moja.

"Wewe. Njoo unitue."

Nilikwenda. Niliinua mikono nikalishika debe pande zote mbili, uso wangu karibu na uso wake mpaka nikasikia harufu ya iliki, na maji ya baridi yakanimwagikia mpaka kwenye viwiko.

"Shika vizuri," alisema. "Mzazi anangoja."